Barabara ya Bujumbura Sebuleni Mwetu

Nilifika Uvira Jumanne asubuhi, siku ya sita tangu nitoke Lubumbashi. Lori lilinifikisha Kalemie nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mahindi. Pale nikangoja meli ya mizigo siku mbili, maana kapiteni hakutaka kuondoka na nafasi tupu. Ziwani nililala kati ya mifuko ya simenti na mama mmoja mwenye bata kumi na mmoja. Bata hawakulala, basi na mimi sikulala. Nimetembea miji mingi, na kila mji nimekaa mpaka nikaanza kuwajua mbwa wa majirani kwa majina, kisha nikaondoka. Lakini kila ninapoiona milima ya Uvira ikishuka mpaka karibu na maji, huweka mzigo chini nikaitazama kwanza.

Safari hii niliitwa na yaya, dada yangu mkubwa. Alinipigia simu akasema, "Weye si unajisifu uko fundi wa karo huko Lubumbashi? Kuja. Ila ulete mikono, mdomo uuache." Karo kwetu ni vigae vya sakafu.

Tangu wazazi wetu wafariki, yaya alikaa peke yake katika nyumba yetu karibu na ziwa. Sasa, akikaribia miaka hamsini, alikuwa amepata mchumba, mjane mfugaji wa ng'ombe kule juu Rurambo. Siku ya kanisani ilikwisha kupangwa. Lakini yaya aliapa hatapanda mlima akiacha nyumba haina mtu, na alijua akiniachia mimi, mwezi hauishi nitakuwa Kigoma. Mchumba alikuwa amengoja miaka miwili. Alianza kumwambia kwamba maziwa aliyomwekea yamekwisha kuwa fromaji, yaani jibini.

Yaya akaamua kuiuza, na hatimaye mnunuzi alipatikana, mama mmoja anayebadilisha feza kwenye mpaka wa Kavimvira, njia ya kwenda Bujumbura. Alipenda uwanja, akapenda bati, akapenda mlimau. Alipoingia sebuleni akasimama. "Hii sakafu," akasema, "iko kama kitenge kilichoshonwa na mulevi." Angerudi Jumapili baada ya misa. Akiikuta vile, angechukua nyumba nyingine aliyoonyeshwa.

Hakukosea sana. Karo zile alizipanga baba mwenyewe. Mianya kati yake ilizibwa kwa simenti nyeupe nyumba nzima, isipokuwa mstari mmoja uliotoka mlango wa jikoni mpaka mlango wa mbele. Huo ulikuwa mpana kuliko mingine, wa simenti ya kawaida, wa kijivu, tena umebonyea chini ya usawa wa karo. Ulikata kona mbili. Utotoni tuliuita barabara ya Bujumbura. Mlango wa jikoni ulikuwa Kavimvira, na yaya alikuwa duane, mtu wa forodha anayetoza ushuru. Sikuwahi kupita bila kumwachia nusu ya ndazi langu. Wote tuliamini baba aliishiwa simenti nyeupe. Tukimcheka, alijibu tu, "Muache vile iko."

Jumatano yaya alipanda Rurambo kuonyeshwa kwa shangazi za mchumba, nami nikabaki na sakafu. Nilikwangua mianya kwa msumari na kisu kilichovunjika, nikafagia vumbi, nikakoroga simenti nyeupe kidogo kidogo. Maji nilipima kwa kikombe kimoja tu, kwani ukizidisha maji rangi inapauka, na sakafu inarudi kuwa madoadoa. Barabara ya Bujumbura niliijaza mpaka juu, sawa na karo, nikapangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Ijumaa jioni nyumba ilikuwa nyeupe kutoka ukuta hadi ukuta. Nilikaa mlangoni nikiiangalia, nikajiambia, baba angeona haya.

Yaya alirudi Jumamosi. Alivua viatu, akatembea polepole hadi katikati, akapiga vigelegele.

"Minye nilisema uko muongo! Kumbe uko fundi kweli!"

"Na mdomo nilete sasa?"

"Leta, mdogo wangu. Leo umeruhusiwa."

Jumapili asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akaamua kuosha sebule kabla mgeni hajafika. Aliosha kama alivyoosha maisha yake yote. Alimwaga ndoo nzima jikoni, akachukua raklete, ule mpira wenye mpini wa kusukumia maji, akasukuma kuelekea mlango wa mbele. Maji yalikwenda hatua tatu, yakarudi. Akasukuma tena, yakarudi tena. Yakakusanyika chini ya meza, yakatulia pale kama yamelipia nyumba.

"Mbona haya maji hayatoki?"

"Sukuma kwa nguvu."

"Niko nasukuma! Weye uko unaona nimelala?"

Tulikuwa wote wawili na miguu ndani ya maji tuliposikia hodi. Mama wa Kavimvira alikuwa ameenda misa ya kwanza. Alisimama kizingitini, viatu mkononi, akatazama sebule, akatutazama sisi.

"Mumeanza kufuga samaki ndagala mu nyumba?"

Yaya hakucheka. Niliona usoni mwake Rurambo ikirudi nyuma, ng'ombe wote, shangazi wote. Kisha akageuka kuangalia mlango wa jikoni, na mahali palipokuwa na mstari wa kijivu, akajipiga kofi pajani.

"Weye! Umefunga barabara ya Bujumbura!"

Miaka yote ile aliosha sakafu kila siku na hakuwahi kuuliza maji yanapitia wapi. Yalitoka tu. Nyumba ilikuwa imelalia kidogo upande wa ziwa, kinyume na mlango wa mbele, na baba, badala ya kubomoa sakafu, alichimba mfereji mwembamba katikati ya karo, akautengeneza kwa simenti iliyo ngumu zaidi. Hakutuambia, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza vizuri. Sisi tulicheka tu.

Nilichukua turnevisi, ile bisibisi yangu, yaya akachukua uma wa jikoni, tukapiga magoti na kitenge chake cha kanisani kikaloa. Simenti yangu ya siku mbili iling'oka kwa vipande. Tulipofikia kizingiti, maji yalitangulia kama uzi, kisha kama kamba, yakakata kona ya kwanza, ya pili, yakashuka uwanjani hadi chini ya mlimau.

Mgeni wetu aliweka viatu vyake chini. Alikwenda jikoni, akajaza ndoo mwenyewe, akaimwaga. Akasimama mikono kiunoni mpaka tone la mwisho lilipotoka.

"Minye nilisema mulevi," akasema. "Kumbe ni muntu wa akili. Nyumba nachukua. Lakini weye fundi, urudishe vile ilikuwa. Na rangi yake ileile, watoto wangu wajue njia iko wapi."

Nilifanya kazi siku tatu nyingine, safari hii kwa kumfuata baba. Kina nilipima kwa kidole gumba. Kwenye kona ya pili palibaki kipande cha simenti yake ambacho sikukigusa, na gumba langu liliingia pale sawasawa. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Siku ya kuondoka, mchumba alishuka na pikipiki tatu, moja yake, moja ya yaya, moja ya godoro. Aliniletea fromaji nzima. "Shemeji," akasema, "si niliwaambia?" Meli yangu ilikuwa ya mchana. Mama wa Kavimvira alikwisha kufika, akingoja ufunguo chini ya mlimau. Ilibaki kuosha nyumba, kwani hatukabidhi nyumba chafu. Nilijaza ndoo uwanjani nikaingia nayo kwa mlango wa nyuma. Kwenye mlango wa jikoni yaya alinizuia, mkono ameunyosha.

"Duane."

Nikakata fromaji, nikampa nusu. Akanipisha. Nikamwaga ndoo, na maji yakashika njia yake. Nikayafuata nje, viatu mkono mmoja, ufunguo mkono wa pili.