Mtamba wa Jezi ya Kijani

Kule Uvira, Kongo, walimjua Kagabo kama kiungo asiye na haraka. Alisimama katikati ya uwanja kama mchungaji aliyeegemea fimbo, akatoa pasi moja, na watu wote upande wa ziwa wakainuka. Kisha vita vikaja, ikaja kambi ya Burundi, na huko kambini yeye na mkewe Nyiramahirwe wakamzika mtoto wao wa pekee, Manassé. Walipofika Louisville, Marekani, begi lao lilikuwa na jezi ya kijani, namba nane mgongoni.

Aliivaa uwanjani mwaka mmoja tu. Kwenye ghala la Jeffersontown alikopanga maboksi, aliteleza, goti likavunjika na halikukunjika tena sawasawa. Ndipo akawa kocha. Jumapili baada ya ibada aliwakusanya vijana wa viwandani na kuwafundisha jambo gumu kuliko mbio, yaani kusubiri. Wote walimwita Papa Manassé, kama desturi inavyotaka, naye aliliitikia jina la marehemu kila wiki.

Mizero alikuwa kiungo kama yeye. Yatima, alilala kwa shangazi yake, lakini sahani yake ilikuwa kwa Nyiramahirwe, na baadaye hata kitanda, katika chumba kidogo. Mwaka 2014 Kagabo alimpa ile jezi kwa namna watu wa milimani kwao wanavyopeana ng'ombe: mbele ya mashahidi, kwa kikombe cha maziwa. Ng'ombe wa hivyo hadaiwi. Ila akizaa, ndama jike wa kwanza, mtamba, hurudishwa kwa aliyetoa.

"Bon, jezi itazaa lini, kocha?" aliuliza Zihindula, golikipa wao, na timu nzima ikacheka.

"Itazaa. Wewe kwanza jifunze kudaka."

Mwaka uliofuata shangazi alihamia Buffalo, Mizero akamsindikiza. Alisema baridi ikiisha atarudi. Baridi ikaisha, ikaja nyingine. Nyiramahirwe aliendelea kutandika kitanda. Kwenye simu Kagabo aliuliza habari za theluji tu. Kumwambia kijana "rudi" kungekuwa kama kudai ng'ombe aliyekwisha kumtoa.

"Nitamwona kwenye mashindano ya Columbus," alimwambia mkewe. "Nikimtazama usoni nitajua kama anarudi."

Agosti 2016, vijana wa Kongo kutoka miji kadhaa walikutana Columbus, Ohio, kwa mashindano. Fainali ikawa Louisville na Buffalo. Mizero alisimama katikati, upande wa Buffalo, amevaa ile ya kijani, imepauka mabegani. Hakuwa na haraka. Karibu na mwisho aliinua kichwa, na Kagabo akaiona pasi kabla haijatoka mguuni, maana ilikuwa yake mwenyewe. Angeweza kumpigia kelele beki wake. Akaitazama ikipita. Buffalo wakafunga.

"Kocha, si uliiona ile?" Zihindula alilalamika.

"Niliiona."

Mechi ilipokwisha Mizero alikuja na wenzake, mkono mmoja kikombe cha maziwa ya dukani, mwingine jezi mpya ya bluu, namba nane.

"Papa, ya kijani ilizaa. Mtamba wako huyu."

Watu walipiga makofi. Ilikuwa heshima, na hakuna aliyeiona kuwa kitu kingine. Kagabo peke yake aliielewa vingine. Anayerudisha mtamba amekwisha kupata zizi lake. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa yote.

"Ana afya," alisema. "Donc, zizi ni Buffalo."

"Ndiyo, Papa. Nimepata mchumba kule, Umwali. Tutakodi nyumba." Kijana alichezea upindo wa jezi. "Mama hatakasirika?"

"Mama atafurahi."

Njia nzima wachezaji walibishana juu ya lile goli. Yeye alipakata jezi, akitazama mahindi ya Ohio.

Nyiramahirwe alikuwa mlangoni. Alitazama nyuma ya mumewe, kwenye gari, akasubiri mlango wa pembeni ufunguke.

"Yuko wapi?"

"Ametoa mtamba."

Binti wa wafugaji hakuhitaji maelezo. Aliichukua jezi, akaipeleka chumba kidogo, akaitandaza kitandani na kunyoosha mikono ya jezi, wa kulia, kisha wa kushoto.

"Papa Manassé," alisema bila kugeuka, "tukitoe hiki kitanda?"

Kagabo alishika fremu ya mlango, goti likimuuma.

"Kiache kwanza."