Mtunza wazee wa Dallas anayejifunza kuuliza

Jua halijagusa mabati ya mtaa wa Dallas mjini Embu, lakini Ednah Gatakaa ameshapanda na kushuka ngazi za nyumba hii hadi mbwa wa jirani amechoka kumbwekea. Beseni liko kiunoni, taulo begani, na midomo yake haitulii.

"Would you like... Could I... Shall we..." ananong'ona, huku akisukuma mlango kwa kisigino.

Chumbani, Cucu Rwamba, yaani Bibi Rwamba, yuko macho. Ana umri wa miaka themanini na minne, na upande wake wa kulia haujanyanyuka tangu kiharusi kimpate. Ednah anamwinua, anampangia mito mgongoni, anamfuta uso. Mikono yake inafanya kazi haraka, bila pupa. Kisha anasimama wima kando ya kitanda kana kwamba kuna mkaguzi wa shule mlangoni.

"Cucu, ungependa ucuru ama chai?"

Ucuru ni uji wa mwele uliochachuka kidogo, na hakuna kitu Cucu anakipenda jikoni humo kuliko huo. Lakini anageuza uso ukutani. Ednah anasubiri. Anakuna shingo, anachungulia dirishani, anahesabu vidole. Uvumilivu ukimwishia anatoka mbio, anarudi na kikombe na kukiweka mkononi mwa mgonjwa bila kusema neno.

Cucu anakunywa wote.

"Umeona?" Ednah anamwambia mwandishi huyu. "Hiyo ndiyo shida yangu yote. Ndiyo imeniangusha mtihani mara mbili."

Mahojiano haya, msomaji aelewe, yanafanyika watu wakiwa wamesimama. Ednah, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, haketi. Chai yake huiacha dirishani ikapoa, akaipasha moto, ikapoa tena. Mgeni naye huletewa kikombe kilichojaa hadi ukingoni, sukari ikiwa imeshakorogwa. Mwandishi huyu hatumii sukari, lakini hakuulizwa, na alikunywa.

Kutoulizwa huko si utovu wa adabu. Ni adabu yenyewe. Nyumbani kwao Ednah, nje kidogo ya Ishiara, mgeni haulizwi kama atakula. Anayeuliza amekwisha kusema kwamba sufuria ni tupu, au kwamba moyo wake ni mzito.

"Mamangu angenichapa," anasema. "Mtu ametembea kwa hiyo jua yote ya Mbeere, halafu unamuuliza ati utakunywa maji? Si unamletea tu."

Ednah alitaka kuwa muuguzi tangu akiwa msichana. Kiingereza kilimfungia mlango. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, masomo mengine yalikuwa ya kutosha, lakini Kiingereza kilikuwa chini kabisa, na chuo cha uuguzi hakikutaka kusikia hadithi. Akauza ndengu sokoni na mama yake. Akafanya kazi dukani Gachoka. Akachoka na duka, akasomea kozi fupi ya kutunza wazee, akaletwa kwa Cucu Rwamba na Mutugi, mwanawe Cucu, ambaye ni karani katika ofisi moja mjini.

Kisha akasikia kwa wakala wa ajira kuhusu nafasi za kazi katika nyumba za kutunza wazee ng'ambo. Ukifanya kazi huko miaka miwili, waombaji waliambiwa, unaruhusiwa kujiunga na masomo ya uuguzi. Mlango ulifungwa, kumbe nyumba ina dirisha upande wa nyuma. Sharti ni moja: mtihani wa Kiingereza, wa kuandika na wa kuzungumza.

Ndipo akampata Mwalimu Safiya Idrisi.

Mwalimu Safiya hufundisha kwenye chumba kilicho juu ya bucha ya kaka yake. Ukipanda kule unasikia panga likigonga kigogo chini ya miguu yako, na hakuna mwanafunzi anayesinzia. Wanafunzi wake wanajua Kiingereza cha kutosha kuomba kazi na kusoma gazeti. Wanachokosa ni vile vitenzi vidogo vinavyokaa mbele ya vingine: can, could, may, might, must, should, would.

"Wanadhani ni vitu vya kukariri," anasema Mwalimu Safiya, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu toka ng'ambo ya barabara. "Wallahi si vya kukariri. Ni vya kupima. Nina hakika kiasi gani? Nina mamlaka kiasi gani juu ya huyu mtu? Ukishajipima, neno linakuja lenyewe."

Siku moja aliwapeleka wote dirishani. Asubuhi kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya bucha. Sasa mbuzi hayupo, na kamba imebaki.

"Semeni," akawaamuru.

Mmoja akasema, "He might have been sold." Huenda ameuzwa. Mwingine akasema, "He could have run away." Inawezekana ametoroka.

Ednah akainama, akatazama fundo la kamba lililofunguliwa vizuri kwa mkono wa mtu, akaona na maji mekundu yakitiririka mtaroni. "He can't have run away," akasema. "They must have slaughtered him." Hawezi kuwa ametoroka; bila shaka wamemchinja.

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliwaambia kwamba huyo ndiye mtu aliyeelewa, na kwamba tofauti ya might na must ni ile damu ya mtaroni.

Kwa hiyo karatasi haikumshinda. Anajua kwamba must hutumika pale sheria au dhamiri inaposhurutisha, should pale unapompa mtu ushauri anaoweza kuukataa, na could you ni laini kuliko can you. Mtihani wa kuandika aliupita mara ya kwanza.

Wa kuzungumza ndio uliomwangusha. Hufanywa kwa simu ya video. Mtahini, ambaye ni mzungu, hujifanya mzee mgonjwa, naye mtahiniwa humhudumia. Mara ya kwanza, Ednah alimwambia yule mzungu, "You must eat now," yaani lazima ule sasa. Mzungu akasema hana njaa. Ednah akamwambia tena, kwa upendo kabisa anavyokumbuka mwenyewe, "You must eat."

Majibu yalisema sarufi yake ni nzuri, lakini hampi mgonjwa nafasi ya kuchagua.

"Nikakasirika," anasema, akipiga hatua kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi. "Kuchagua nini? Mgonjwa anakula. Mimi hapa siku zote namlisha Cucu, namuosha, namgeuza, hajapata kidonda hata kimoja. Nimuulize nini?"

Mara ya pili alikumbuka kwamba anatakiwa kuuliza. Neno would likakataa kutoka. Akilini alimwona mama yake akimkodolea macho, Ednah anasema, naye akanyamaza mpaka muda ukaisha. Wakala akamweleza kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho kwa kundi hilo la waombaji.

Mwalimu Safiya akampa dawa chungu. "Huwezi kulisema neno mbele ya mzungu kama hujalisema kwa mtu unayempenda," alimwambia. "Anza na bibi yako huyo. Muulize anachotaka kula. Subiri jibu."

Hivyo ndivyo zilivyoanza asubuhi kama ile aliyoishuhudia mwandishi huyu. Na kabla wiki hiyo haijaisha, mambo yakaharibika.

Cucu aligoma kula. Hata kikombe kikiwekwa mkononi, alikitua. Jioni alimwita Mutugi akamwambia, kwa Kiembu na bila kupunguza sauti, kwamba msichana huyu amemchoka. Anamuuliza kama atakula, kama mtu asiyetakiwa hapa. Kama chakula kimekwisha katika nyumba ya mwanawe, aambiwe, arudishwe kijijini akafie huko.

Mutugi alimkuta Ednah jikoni. "Mimi sijali hiyo Kiingereza yako," alimwambia. "Mama akilala njaa siku nyingine, utafute kazi kwingine."

Mutugi mwenyewe hakanushi. "Nilimaanisha," anasema. "Huyo ni mamangu."

Ednah alilala na hasira. Alikuwa na hasira na Mwalimu, na mzungu, na Cucu, na hata ucuru. Asubuhi alipeleka ucuru bila swali, Cucu akanywa. Basi, akafikiri, mtihani umekwenda na maji.

Kisha akaleta beseni la kuogea. Anakiri kwamba alichosema hakukisema kwa wema. Alikisema kwa kununa.

"Cucu, nikuoshe sasa ama baadaye?"

Cucu hakugeukia ukuta. Alimtazama. Alitazama maji yakitoa mvuke. Ednah akaanza kuokota taulo.

"Baadaye," Cucu akasema.

Ednah akabaki na beseni mkononi. Kila asubuhi, tangu Ednah aajiriwe, mama huyu alivuliwa nguo na kuoshwa saa ile maji yalipokuwa tayari, awe ana baridi, awe ana usingizi, awe anawaza mambo yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Si Ednah, si mwanawe, si madaktari.

Akamwaga maji. Akamsogeza Cucu kwenye kiti cha magurudumu mpaka kibarazani, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Cucu akakaa juani bila kuogeshwa, nywele zikiwa hovyo, akitazama wauza mboga wakipita. Jua lilipokaribia utosini, akaita.

"Mwari," alisema, neno analomwitia Ednah, yaani binti. "Sasa."

Na wakati wa kuoshwa alitoa amri yake, ambayo Ednah huirudia kwa sauti ya Cucu, kidevu juu: "Chakula usiniulize. Mwili wangu uniulize."

Tangu siku hiyo wameishi kwa sheria hiyo. Ucuru unakuja bila swali. Lakini kuogeshwa, kugeuzwa, kuchanwa nywele, kufungua dirisha, yote yanaulizwa, na yote yanasubiri. Kazi imekuwa ndefu zaidi. Kwa mtu asiyeweza kukaa kama Ednah, huko kusubiri ni mateso, naye anasema hivyo wazi. "Anaweza kufikiria mambo ya nywele mpaka saa sita. Na ananiangalia tu, anafurahia."

Mtihani wa tatu ulikuja. Mtahini, akijifanya mzee mkaidi, alikataa kuoga. Ednah anasema hakumwona mzungu kwenye skrini. Alimwona Cucu.

"Would you like to wash now, or shall I come back later?" alimuuliza. Mzee akasema angependa asisumbuliwe. "You don't have to," Ednah akamwambia, si lazima. "I could sit with you for a while." Angeweza kukaa naye kidogo. Na chakula pia alimuuliza. Huko ng'ambo kuuliza ni heshima, amejiambia, hapa ni tusi, na yeye atakuwa mtu wa pande zote mbili.

Alipita.

Mwandishi huyu anaporudi Dallas, tiketi imeshakatwa, Mutugi ameshaambiwa, na Mwalimu Safiya ameshawasimulia wateja wote wa bucha. Ni mtu mmoja tu asiyejua. Ednah anaosha vyombo vilivyo safi. Anafagia alipofagia. Amewaza kuondoka asubuhi na mapema, Mutugi abaki na kueleza.

"Lakini si nimemfundisha huyu mtu kwamba nikiuliza, nasubiri jibu?" anasema. "Nikienda bila kuuliza, nimemuosha kwa nguvu tena."

Na akikataa?

Ednah anaacha ufagio. "Hiyo ndiyo inanitoa usingizi. May I go. Swali fupi hivyo. Lakini ukiuliza, umempa mtu ruhusa akatae. Vinginevyo unamwambia tu."

Analeta ucuru, bila swali. Cucu anakunywa. Ednah anapokea kikombe, anakiweka chini, anakiinua, anakiweka tena.

"Cucu, nimepata kazi mbali. Ng'ambo. Mutugi ametafuta mwingine wa kukutunza, anaitwa Kagwiria, ni mtu mzuri. Naweza kwenda?"

Cucu Rwamba hageukii ukuta. Anamtazama binti huyu tangu kitambaa cha kichwa hadi malapa. Mkono wake wa kushoto, ule unaofanya kazi, unapapasa blanketi, unalinyoosha, unalinyoosha tena.

"Baadaye," anasema.

Mpango wa Ednah uko pale pale: miaka miwili ya kazi, kisha uuguzi, kisha arudi Embu akiwa amevaa sare aliyoitamani tangu utotoni. Kesho atauliza tena, anasema, na kesho kutwa kama itabidi, mpaka aambiwe "sasa".

Kisha anavuta kigoda kando ya kitanda, anachukua chai yake dirishani ikiwa bado ina joto, na kwa mara ya kwanza tangu mwandishi huyu amfahamu, anakaa.