Haambiliki, Ng'ombe Aliyeambiwa Yote

Enzi zetu, mtoto aliyekuwa na donge moyoni hakuwa na simu ya kuliandikia. Alikwenda kulima. Mliokulia Simiyu na kupasuka nyayo kwa tope la mbuga mnanielewa, na msionielewa waulizeni wazazi wenu kwa nini visigino vyao vina mistari.

Mashairi tuliandika, msidhani tulikuwa washamba. Shuleni kwetu Migato mwalimu wa Kiswahili alitufundisha vina na mizani, akihesabu kwa kugonga meza na fimbo, na shairi lililopungukiwa mizani, mwenyewe aliongezewa za matakoni. Lakini yalikuwa mashairi ya heshima: pamba dhahabu nyeupe, usafi wa vyoo, faida za maziwa. Hakuna aliyethubutu kuandika kwamba ameota chunusi, wala kwamba sauti imemkatikia katikati ya wimbo wa taifa mbele ya wasichana. Hayo ulikaa nayo mwenyewe, ukayameza asubuhi pamoja na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, na wadogo zangu hawakuwa wamefikia kimo cha kazi, kwa hiyo ndimi niliyekuwa nikitangulia mbele ya ng'ombe. Tulikuwa na maksai wawili, Tajiri na Haambiliki. Mimi mbele na kamba, wao katikati na nira yao, baba nyuma ameshika plau. Nilikuwa mtoto wa baba kabisa. Akitoka gulioni, nilimkimbilia njiani na kutumbukiza mkono kwenye mfuko wa koti lake, maana kashata yangu haikukosekana humo.

Kisha nikavunja ungo. Mama aliniita nyuma ya nyumba akanieleza yanayoelezwa, nikadhani yameisha. Siku ya gulio nikamkimbilia baba kama kawaida, nikanyoosha mkono. Akarudi hatua moja nyuma. Akatoa kashata mwenyewe, akaenda nayo hadi kwa mama na kusema, "Mpe mwanao."

Mwanao! Jana nilikuwa mwanawe, leo nimekuwa wa mama peke yake. Tangu siku hiyo kila neno lilipita kwa mama. Mwambie mwanao apunguze chumvi. Mwambie mwanao kesho tunaanza shamba la chini. Na mwanao mwenyewe yupo pale pale, anachambua mlenda. Watu wazima waliona ni heshima, baba hazoeani na binti aliyekua. Mimi niliona nimeachwa. Nilikonda, na mayu, ndivyo tumwitavyo mama, akaninywesha dawa ya minyoo.

Asubuhi moja tunalima shamba la pamba, umande bado mbichi, donge likanishinda kulibeba. Kumwambia baba sikuweza. Lakini ng'ombe je? Nani aliwahi kukatazwa kusema na ng'ombe? Na kwa kuwa Kiswahili cha baba nilikidhania ni cha kuuzia pamba tu, nikaona nikisema kwa Kiswahili cha shule niko salama. Nikaanza, macho mbele, kamba mkononi:

*Haambiliki sikia, nimekukosea nini?*
*Mbona jana tulicheka, leo watizama chini?*
*Nimekua, sikuiba, wanihukumu kwa nini?*
*Kama kukua ni kosa, nirudisheni tumboni.*

Vina vya kati vililegea, najua. Mwalimu angenitandika. Lakini nilikuwa nalia, na anayelia hahesabu mizani.

Nyuma plau ikaendelea kukata udongo. Tukafika mwisho wa mtaro, tukageuza. Halafu baba akakohoa. Akasema kwa Kisukuma, taratibu, bila kina wala mizani, nami nawatafsiria:

"Wewe Tajiri, mwambie mwenzako. Ndama akiwa mdogo, mwenye zizi anambeba mabegani. Akikua akawa mtamba, mwenye zizi anasimama mbali. Si kwamba hamtaki. Anaogopa macho ya watu. Lakini jioni akihesabu ng'ombe wake, anaanza na huyo."

Sikugeuka. Katika kulima kwa ng'ombe, anayetangulia hageuki, akigeuka mtaro utapinda, na siku ile niliishukuru sheria hiyo kwa moyo wote. Nililia mpaka kamba ikalowa, na mtaro ukapinda hivyo hivyo.

Nyumbani hakuna kilichobadilika. Mwambie mwanao hivi, mwambie mwanao vile. Lakini kila msimu wa kulima ulipofika, maksai wale walisikia mambo ambayo ng'ombe wengine wa Itilima kwetu hawakuyajua. Walisikia hofu yangu ya mtihani wa hesabu. Walisikia kuhusu chunusi. Kulikuwa na kijana mmoja aliyependa kupita njia ya shambani kwetu kila asubuhi, shati limechomekewa, hana anakokwenda. Baba akakohoa: "Haambiliki, lile dume linalopita pita hapa, liambie kwenye nira bado kuna nafasi." Kijana alitafuta njia nyingine.

Leo naishi Bariadi mjini na nina binti wa umri ule ule, Doreen. Hawa wa siku hizi wana bahati, huzuni zao zina maua pembeni na muziki chini. Mashairi wanaweka kwenye status, dunia nzima isome, isipokuwa mama. Mimi nimefichwa. Shairi la mwanangu nilionyeshwa na mama mwenzangu wa kwaya, tena kanisani, wakati wa sadaka:

*Nimekua. Nyumba imekuwa ndogo.*
*Mama anauliza kama nimekula.*
*Haulizi kama nimelia.*

Vina hakuna. Mizani hakuna. Nilitaka kucheka nikashindwa, na jioni niliporudi nilimuuliza kama amekula.

Likizo ya Desemba nilimpeleka Migato kwa babu yake, Guku kwa Kisukuma, ambaye sasa ana mvi kichwa kizima. Siku hizi shamba linalimwa na trekta la kukodi, linalonguruma kiasi kwamba huwezi kumwambia mtu siri hata ukitaka. Doreen alikaa ndani ameinamia simu, hasemi na mtu. Nilikuwa nje naanua michembe, beseni kiunoni, nikamsikia baba anakohoa huko ndani.

"Wewe simu," alisema, "mwambie huyo anayekushika, hata mama yake alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa anamsumbua ng'ombe wangu kila asubuhi."

Doreen akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi mingi. Kisha akajibu, sauti ndogo: "Simu, muulize Guku, huyo ng'ombe alienda wapi?"

Baba akajibu: "Mwambie nilimuuza, yeye na mwenzake. Watu walidhani ni uzee. Lakini mama yake alipoolewa, nililima nao msimu mmoja tu. Walikuwa kimya mno."

Miaka yote hiyo nami nilidhani ni uzee. Nilisimama pale uani nisijue pa kuweka macho. Mbele yangu palikuwa na kuku mmoja tu, anadonoa.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti ya kufika ndani, "mwambie mwenye mji huu, mwanawe amesikia."

Kuku akaokota kipande cha mchembe akaondoka nacho, wala hakugeuka. Hawa wa siku hizi hawana usikivu wa ng'ombe wa enzi zetu. Lakini ndani baba akakohoa, nami nikabaki nimesimama na beseni langu, nangoja jibu.