Meseji ya Mbuzi Ilivyokaribia Kumnyima Baba Pacha Kazi

Saa mbili asubuhi, chumba kilicho juu ya duka la rangi kimeshajaa. Kujaa kwenyewe ni watu watano, meza tatu na feni moja inayogeuza shingo huku ikilalamika. Karibu na dirisha, kijana mrefu anapangusa doa la maziwa begani.

"Pacha mmoja akicheua, mwenzake naye anaona asipitwe," anasema, kisha anarudi kwenye kompyuta.

Wenzake wanamwita Baba Pacha. Ni mtunga programu katika kampuni changa inayowaunganisha madobi na wateja kwa simu. Dobi anafuata nguo nyumbani. Zikishapigwa pasi, mteja anapata meseji. Meseji hizo ndizo kazi yake.

Mwaka jana alikuwa akijaza magari kwenye kituo cha mafuta, na jioni akisoma kompyuta. "Nilinuka petroli mpaka mwalimu akanihamishia dirishani."

Alipomaliza masomo, kila alikoomba kazi walitaka uzoefu. "Sasa huo uzoefu nitaupata wapi kama kila mtu kanifungia mlango?"

Kampuni hii ilitaka kitu kimoja tu: mwombaji aje na programu aliyoitunga mwenyewe. Yeye alikuja na ile aliyomtungia mkewe, ya kukumbuka pacha yupi kanyonya na saa ngapi. Wanafanana kama shilingi kwa ya pili, na mama aliyechoka hawezi kukumbuka nani kashiba.

"Wengine walileta makubwa yasiyotumiwa na mtu," anasema mkurugenzi, dada mwenye miwani na kicheko cha karibu. "Ya huyu ilikuwa na wateja wawili, na ikikosea wanalia."

Akapewa miezi mitatu ya majaribio. Familia, iliyokuwa ikiishi kwa mama mkwe, ikahama na kupanga chumba na sebule, maji ndani.

Wiki hiyohiyo, akijaribu mfumo mpya, aliandika maneno ya mzaha akidhani yataishia kwenye simu yake: "Mpendwa mteja, nguo zako zimeliwa na mbuzi. Pole."

Yakaenda kwa wateja wote, zaidi ya mia nne.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa mama mkwe, aliyejiunga ili kumuunga mkono.

"Baba Pacha, kala na gauni langu la harusini?"

"Hapana mama, hakuna mbuzi."

"Mbuzi hakuna, na nguo hakuna?"

Anasimulia akicheka, lakini siku hiyo hakucheka. "Nikasema basi, narudi kwenye pampu. Na chumba je? Nitamwambia nini mama watoto?"

Alimfuata mkurugenzi kabla hajaitwa. "Dada, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nani mwingine hapa ana mzaha wa hivyo? Kaa, tupige simu."

Wote watano wa ofisini waligawana wateja, Baba Pacha akachukua fungu kubwa. Mpaka jioni sauti yake ilikuwa imekauka. Wengi walicheka. Mmoja aliuliza kama mbuzi naye kapona.

"Kukosea tunakosea sote," anasema mkurugenzi. "Mimi nilikuwa nasubiri kesho yake. Alifika kabla ya mwenye funguo, na mchana akatuonyesha mfumo ambao meseji ya majaribio haiwezi tena kutoka humu ndani."

Wiki iliyopita Baba Pacha alipewa mkataba wa kudumu. Mshahara unakaribia mara mbili ya ule wa kituo cha mafuta, lakini anachokitaja kwanza ni sharti aliloomba liandikwe: saa kumi na moja awe ameondoka. Mwezi ujao mkewe anaanza masomo ya uhasibu ya jioni, aliyoyaahirisha ili yeye amalize ya kwake.

"Kanivumilia miaka miwili. Mimi nishindwe na watoto wawili?"

"Utashindwa!" anadakia mwenzake wa meza ya jirani.

"Basi nitashindwa," anajibu Baba Pacha, "lakini mama yao atakuwa darasani."