Kozi Tatu za Juu

Naona haya kulisimulia hili mpaka leo, lakini kwa kuwa Mbeya nzima inalisimulia vibaya kuliko mimi, afadhali mlisikie kwangu.

Katikati ya miaka ya hamsini nilipata kiwanja mjini, kwenye mteremko, na kibali kikasema nyumba iwe na orofa moja kamili, basi, na hata ile ya kukanyagia chini inahesabiwa. Sasa baba yangu alikuwa anakuja kukaa nasi kutoka Tukuyu, na kwetu Wanyakyusa mke na baba mkwe hawatazamani, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba. Mjini migomba utaitoa wapi? Nikamchimbia mzee chumba ndani ya mteremko, mlango wake ukitazama bondeni, sisi juu yake, na juu yetu dari la mahindi. Nikahesabu orofa: moja. Nikarudia: moja. (Mara ya tatu sikuhesabu, niliogopa jibu.)

Kosa langu lilikuwa dogo. Fundi wangu, Mhehe wa Kihesa, alimaliza ukuta matofali yakabaki, akawa anafunga vifaa vyake. Nikamwambia, "Fundi, matofali haya unaniachia niyafuge? Niongezee kozi tatu, mistari mitatu tu, paa lipande kidogo, mama watoto asijigonge akifuata mahindi." Tulivutana asubuhi nzima mpaka akakubali bila ujira, nami nikatembea siku ile kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya ukaguzi akaja bwana wa majengo na tepu yake, mtu mpole wa kaptura ya kaki, na majirani wakajaa dirishani. Bila cheti chake tusingehamia (mahindi na viazi tu ndivyo tulivyovitanguliza), na mvua zilikuwa zinanukia, na mzee ameshafika na blanketi lake. Mkaguzi akapima chumba cha chini kona zote nne.

"Zaidi ya nusu ya ukuta imo ardhini," akasema. "Hiki hakihesabiwi."

Nikataka kumkumbatia.

"Na darini je? Mtu mzima akiweza kusimama wima kwenye zaidi ya nusu ya dari, hiyo nayo ni orofa kamili."

"Mahindi tu, bwana."

Hapo hapo mzee, kwa kusikia mgeni, akapanda kuja kumsalimu, akasimama mlangoni pa sebule. Mke wangu alikuwa chumbani, akasikia kikohozi cha mkwe, na nyumba yenyewe ina mlango mmoja na mzee kaujaza. Akachomokea ngazi ya darini huku kajifunika kanga. Mbao zikalia.

"Nani yuko juu?" mkaguzi akauliza.

"Mahindi."

"Mahindi yanatembea?"

Akapanda ngazi, nami nyuma yake, akatumbukiza kichwa darini. "Mama, hebu tembea toka ukuta huu mpaka ule." Mke wangu akatembea. Hatua ishirini, wima kumi na moja. Nikamwomba arudie, nikahesabu tena: kumi na moja.

"Bwana, iliyozidi ni moja tu," nikamwambia, "na hiyo ya mwisho alikunja goti."

"Sikukunja," akasema mke wangu.

"Basi shuka, mama."

"Sishuki."

"Kwa nini?"

Yeye kwa mila hawezi hata kumtaja mkwe, na mimi mzee yuko mgongoni mwangu anasikiliza, nitaanzia wapi?

"Ndiko unakokaa?"

Mke wangu akajivutia kanga usoni. Mkaguzi akatoa penseli, akaandika: dari linakaliwa na watu. Sikujua tena nina nyumba ya orofa ngapi.

"Mwanangu," mzee akaita kutoka chini, "huyo anayeulizwa ni nani?" Halafu akaelewa mwenyewe. Akajitupia blanketi kichwa kizima asije akaona, akageuka kukimbia bila macho, akaubeba mguu wa ngazi. Mimi nilitua kwenye tenga la viazi. Mkaguzi akabaki ananing'inia kwa viwiko, miguu ikipiga hewa mbele ya majirani. "Nivute, mama!" Mke wangu akamvuta. Sasa darini walikuwa wawili, wote wamesimama wima.

"Hata mimi sijagonga kichwa," akasema mkaguzi akijipangusa vumbi la mahindi. "Ondoa kozi tatu, ndipo uniite."

Tukaezua. Mvua zikatukuta kwenye nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja, kwa hiyo mzee akarudi Tukuyu mpaka msimu uishe, na mimi ndiye niliyemsindikiza kituoni nikitafuta la kusema.

"Tata, nilitaka tu mkweo asiiname," nikamwambia.

"Kuinama anajua," akasema, akipanda basi. "Ungemjengea mlango wa nyuma."

Nimeujenga. Na nimeapa: fundi akisema amemaliza, amemaliza.