Kikomo cha Kilomita

Tofauti ya kukodi gari na kulinunua nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu, wiki sita, kila nitokapo kazini. Nikatengeneza jedwali. Kila nilipolimaliza niliona pahala hapajakaa sawa, nikaanza upya. Ndivyo nilivyo, hata orodha ya sokoni naiandika mara mbili.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, viti viwili, katika duka moja la magari mjini Nizwa. Kulinunua kungenibana miaka mingi. Kulikodi kwa mkataba wa miaka mitatu kulikuwa rahisi zaidi, ila mkataba ulikuwa na kikomo: ukizidisha kilomita, unazilipia. Mimi naishi mji wa Ibra. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa mbali, Sur, kwa shangazi, na kila Ijumaa nilikwenda kula naye. Kwa safari hizo, kununua kulishinda. Basi penye safari nne za Sur kwa mwezi nikafuta, nikaandika moja. Jedwali likakubali kukodi. Nakiri nilifurahi.

Siku ya kwanza nilipolipeleka Sur, bibi alitoka mlangoni akishika ukuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hilo gari au kiatu?"

"Gari, bibi. La kukodi."

"La kukodi! Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu." Akacheka mpaka akakohoa. Kuingia hakuweza, kiti kilikuwa chini mno kwa magoti yake. Hilo sikuwa nimeliweka kwenye jedwali.

Nikamwambia kazi zimezidi, nitakuja mara moja kwa mwezi. Nilimwongopea. Ijumaa zilizobaki nilikaa Ibra nikilipangusa vumbi gari lililosimama.

"Gari lako halijui njia ya Sur?" aliniuliza kwa simu.

"Kazi, bibi."

"Haya. Kazi ni ibada."

Mkataba ulipobakisha mwezi mmoja, shangazi alinipigia siku ya Alhamisi. "Mama hataki kula. Anakuulizia wewe tu. Njoo kesho."

Nilikwenda nje kuangalia mita ya kilomita garini. Safari ya mwezi ule nilikwisha kuitumia. Nikasema Ijumaa ijayo, inshallah.

Alifariki Jumatatu. Nikienda msibani, nilipofika Al Kamil niliangalia mita tena. Hilo sijapata kumwambia mtu.

Shangazi alinikalisha jikoni. "Kila Ijumaa baada ya adhuhuri alikuwa anakufuata njiani," alisema. "'Sasa yuko Bidiya. Sasa anapita Al Kamil, pasheni wali moto.' Namwambia, mama, leo haji. Ananambia, nyamaza, wewe hujui njia."

Mwezi ulipokwisha nikalirudisha gari Nizwa, kwa njia ya Sinaw na Izki, polepole, kokoto zisilipige. Karani wa duka alilizunguka, akapitisha kidole milangoni, hakuona hata mkwaruzo. Kisha akainama kusoma mita.

"Mashallah," alisema kwa Kiarabu. "Kilomita elfu nne na mia tano hukuzigusa. Laiti wateja wote wangekuwa kama wewe!"

Nikamwuliza zilizobaki zinakwenda wapi.

"Haziendi popote. Zinakwisha na mkataba. Au unataka kulinunua sasa?"

Nilikuwa nikizigawa kichwani kwa safari ya kwenda Sur na kurudi. Ijumaa kumi na mbili, na kidogo kikabaki. Nikatoa simu nikagawa tena, nikiomba niwe nimekosea.