Moteri Tuliyoifunga kwa Kuitikiana

Mwanangu, ipo asubuhi moja nisiyoisahau. Hata leo nikisikia watu wakinong'ona barabarani, nasimama kutazama njia, ingawa ni mzee na sina tena pa kukimbilia. Kaa nikusimulie. Juzi nilikuona ukitengeneza pikipiki yako huku umenuna, hutaki mtu aseme nawe, nikajiambia: huyu ni mimi kabisa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa kijana wa gareji mtaani Kasenga, hapa Uvira, chini ya fundi mkubwa tuliyemwita Baba Zabuloni. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mpenda kuimba nyimbo za kanisani akiwa chini ya lori. Mzungu mmoja mfanyabiashara wa pamba alipoondoka alimwachia gari dogo, na sisi vijana tukaingiwa na wazimu wa kuligeuza gari la mashindano. Jumapili baada ya misa watu walikwenda kwenye barabara iliyonyooka ya uwanda wa Ruzizi. Magari mawili yanasimama sambamba, mtu anaangusha kitambaa, na anayefika wa kwanza darajani ndiye bwana wa wiki nzima. Hakuna kona wala ujanja, ni moteri tu, yaani injini, na moyo wa dereva.

Basi tukaifungua ile moteri na kuijenga upya. Tulipanua silinda, tukaweka pistoni kubwa zaidi. Pistoni tulizipima kwenye mizani ya mama mmoja muuza ndagala, tukizipunguza kwa tupa kidogo kidogo mpaka zikalingana uzito, naye akilalamika kwamba samaki wake watanuka mafuta ya gari. Viti tuliving'oa vyote ila cha dereva, gari liwe jepesi. Kilichobaki kilikuwa kurudisha kichwa cha moteri, kile kifuniko chake cha juu, na kukaza boloti zake.

Hapo nikueleze desturi ya gareji yetu. Boloti za kichwa huanzwa katikati, unakwenda ukitoka nje, kidogo kidogo, kisha unarudia. Ukikaza moja kwa nguvu na nyingine ukailegeza, kichwa kinapinda, moto unapenya, gari linakufa njiani. Kwa hiyo Baba Zabuloni hakukubali mtu akaze peke yake. Mkazaji alitaja boloti kwa sauti, na mwenzake aliyekuwa akitazama aliitikia, "Nimeiona!" Hapo ndipo alipohamia nyingine. Wapita njia walitucheka, wakisema kwa Zabuloni kuna misa hata siku za kazi.

Asubuhi ninayokuambia, habari zilifika kwamba vita vya waasi vimeingia uwandani. Watu walikuwa wakishuka kutoka Sange na vifurushi kichwani. Dada yangu Nabintu alikuwa ameolewa Bwegera, mbele zaidi ya Sange, kwa mkulima wa mpunga, na mimba yake ilikuwa ya siku za mwisho. Mama mmoja aliyetoka huko akaniambia kwamba mume wa Nabintu amekimbilia mlimani, naye Nabintu yuko na mama mkwe tu, miguu imemvimba, hawezi kutembea. Malori yote ya mjini askari walikwisha kuyachukua. Gari letu la mashindano ndilo lililobaki, na moteri yake ilikuwa wazi mbele yangu.

Nikachukua ufunguo wa boloti nikaanza kukaza. Sikutaja kitu, sikungoja wa kuitikia. Baba Zabuloni akaja akasimama nyuma yangu.

"Byamungu, uko nafanya nini?"

"Niko nafunga, Baba."

"Sikusikia kitu."

"Baba, leo hakuna wakati ya kuimba!"

Akanyoosha mkono, akaninyang'anya ufunguo. "Fungula yote. Tunaanza tena."

Nilitaka kumpiga, mwanangu, sikufichi. Mlio wa bunduki ulisikika upande wa Kiliba, na jirani yetu mwenye duka alikuwa akipigilia mbao mlangoni. Nililegeza boloti zote huku nikimlaani kimoyomoyo, nikimwona mtu aliyeshiba asiyejua njaa ya mwenzake. Nilipotaka kutaja ya kwanza, sauti ikagoma.

"Weye iko na woga," akasema polepole. "Sema ile kwanza."

"Sina woga."

"Mukono yako iko natetemeka. Sema."

"Minye naogopa Nabintu atakufa!" Nililia kama mtoto. "Naogopa nitafika nikute amekwisha kufa."

"Aya. Na minye naogopa." Nikageuka, nikaona macho yake yamelowa. "Mutoto yangu Petro iko Luberizi. Tangu juzi sijasikia habari yake. Njo maana sitaki hii gari ikufe njiani. Sasa taja."

Luberizi iko kwenye barabara hiyohiyo, kabla ya kufika Bwegera. Asubuhi yote tulikuwa tumeinamia moteri moja na hofu moja, na mimi nilidhani ni yangu peke yangu. Nikataja, naye akaitikia, sauti yake ikikwaruza. Tulikwenda boloti kwa boloti mpaka tukamaliza, na mikono yangu ikatulia.

Moteri ilipowaka, aliinama dirishani. Nilidhani najua atakachosema, kwamba atanituma kwa mwanawe. Akasema, "Ukimuona Petro, mubebe. Usipomuona, usisimame kumutafuta. Ule mama ya mimba hawezi kungoya."

Niliendesha nikiitegea moteri sikio. Gari lililojengwa kwa mbio za kufika darajani tu sasa lilipaswa kwenda mbali na kurudi, na kila mlio nilioufikiria mgeni ulinitoa jasho. Luberizi nilipunguza mwendo, nikaita jina la Petro dirishani, nikaita tena. Watu walinitazama tu. Nikaendelea, na kuendelea kule kuliniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Nabintu nilimkuta hai. Tulimlaza juu ya magunia pale ambapo viti vilikuwa, mama mkwe akamshika mabega. Wakati wa kurudi watu wenye silaha walitupigia kelele tusimame. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, na ile moteri ikatuvuta kama Jumapili ya mashindano, vumbi likatufunika. Haikukohoa hata mara moja.

Baba Zabuloni alikuwa akitungoja Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, katikati ya wakimbizi. Aliliona gari, akakimbia na unene wake wote. Akachungulia ndani, akamwona Nabintu na mama mkwe. Akachungulia tena. Alimfunika Nabintu kwa koti lake, akasema, "Vuka, mutoto yangu, vuka haraka." Nabintu alijifungua salama ng'ambo, mtoto wa kiume, tukamwita Petro. Petro wa Baba Zabuloni hatukumpata, wala wakati ule wala baadaye.

Basi shika hili, mwanangu. Woga si aibu, ila woga uliofungiwa kifuani huharibu kazi ya mikono. Useme kwa mtu aliye karibu nawe, kisha urudi kwenye kazi. Na kabla hujamchukia anayekuambia anza upya, muulize naye anaogopa nini. Mimi sikumuuliza. Ni yeye aliyeniambia, na bado akanipa gari.

Mungu akupe mikono iliyotulia, mwanangu. Akupe mtu wa kuitikia unapoita, na siku mwingine atakapoita, akukute uko karibu. Nenda kwa amani.